Sehemu ya 38 Iko Wapi?

Kuna msemo unaopendwa sana na watu wanaoshika vipaza sauti: ukitaka kumficha Mtanzania jambo, liandike kwenye kitabu. Nimeusikia kwa wahadhiri, kwa wanasiasa wanaofungua maonesho ya vitabu, kwa mchungaji mmoja na kwa mwalimu wangu wa historia kidato cha tatu. Wakenya nao wanao, ila kwao anayefichwa ni Mkenya, na msemaji akitaka kupanua mambo humficha Mwafrika mzima. Lakini mara nyingi zaidi sikuusikia. Niliusoma. Niliusoma kwenye simu, umetumwa na mtu aliyeusoma kwenye simu, na chini yake watu arobaini wameusoma wakaandika "kweli kabisa", na wawili wakabishana kwa aya ndefu kuliko msemo wenyewe.

Hao arobaini na wawili tuwaite watu gani? Kwa hesabu ya msemo wenyewe, hawasomi.

Kazi yangu ni kuhariri maandishi ya watu mchana na kuandika uhakiki usiku, na swali la kama vijana wanasoma au hawasomi limenichosha, kwa sababu jibu lake linategemea unahesabu nini. Ukihesabu riwaya zinazonunuliwa dukani, hatusomi, na hakuna haja ya kubishana. Ukihesabu maneno yanayopita mbele ya macho ya kijana wa mjini tangu anapozima kengele ya simu asubuhi mpaka anapolala simu ikiwa kifuani, wazazi wetu hawakutufikia hata robo. Hesabu zote mbili ni za kweli na zote mbili hazinisaidii. Mimi nataka kujua kitu kingine: hayo maneno yakishapita, mtu anaweza kuyarudia?

Panda daladala ya jioni kutoka Kariakoo kwenda Mbagala, ile ambayo unasimama kwa mguu mmoja, kisha uchungulie kwa adabu simu ya aliyekaa. Utaona video, ndiyo, na picha za magauni. Ila video inakula bando. Kwa hiyo utaona pia maandishi, yamejaa kioo kuanzia juu mpaka chini: hadithi. Kichwa kwa herufi kubwa, jina la mtunzi, namba yake ya simu, kisha SEHEMU YA 17. Kisha ILIPOISHIA, na sentensi mbili tatu za jana. Kisha SONGA NAYO. Na chini kabisa, ITAENDELEA. Kipande cha namna hii hakilii bando lolote la kuhesabika. Mtu aliyejiunga kifurushi cha bei ya chini kuliko vyote anaweza kusoma riwaya nzima na salio likabaki. Wahakiki wanaopenda kutafuta chimbuko la mambo kwenye nadharia wangeanza hapo, kwenye bei.

Umbo lenyewe si geni. Hadithi za mfululizo zilikaa kwenye magazeti yetu miaka mingi kabla simu haijapata kioo cha rangi. Eric Shigongo alijenga jina lake kwa hadithi zilizotoka kipande kipande kwenye magazeti ya Global Publishers, na walikuwepo watu walionunua gazeti kwa ajili ya ukurasa huo tu, wakalisoma kuanzia nyuma. Kabla yake kulikuwa na jarida la Sani, na akina Ndumilakuwili na Lodilofa wake. Na kabla ya Sani kulikuwa na riwaya pendwa: Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla ya mwaka 1965, Kufa na Kupona ya Elvis Musiba ya 1974 iliyomleta Willy Gamba, kisha Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Nakala moja ya Musiba ilipita mikono ishirini mpaka jalada likang'oka na kurasa za mwanzo zikalifuata. Mjomba wangu anaapa kwamba amesoma Kikosi cha Kisasi mara mbili na hajawahi kuziona kurasa zake kumi za kwanza.

Na hao wasomaji walitoka wapi? Tanzania iliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima walikuwa hawajui kusoma. Kufikia 1986 serikali ilitangaza kwamba waliobaki hawafiki asilimia 10. Takwimu za serikali huwa na chumvi yake, lakini hata ukiipunguza, bado ni mamilioni ya watu waliofundishwa herufi wakiwa na ndevu na wajukuu. Halafu miaka ya 1980 ikaja na uhaba wa sabuni, wa sukari, wa karatasi. Mtu amefundishwa kusoma na hana cha kusoma. Riwaya pendwa, zile tulizoambiwa darasani kwamba ni fasihi ya daraja la pili, zilisaidia kumshikilia msomaji huyo asisahau. Nalisema hili kwa makusudi, maana dharau ileile ndiyo tunayoielekeza leo kwenye hadithi za WhatsApp.

Ila kumtetea mtu si kumhakiki. Mwaka juzi nilijiunga na makundi matatu ya hadithi na kujipa sharti moja: nisome kama wenzangu wanavyosoma, kipande kimoja kinapotumwa, nisisubiri viwe vingi. Hadithi mbili zilinishinda. Ya tatu ilifika sehemu ya 94, na nilisubiri kila kipande chake. Jina lake silitaji, kwa sababu mtunzi ameniomba hivyo na sababu yake mtaiona.

Ni hadithi ya msichana kutoka Iringa anayekuja Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Baba mwenye nyumba anafariki, wosia unapotea, na msichana ndiye mtu wa mwisho aliyeingia chumbani. Mpaka hapo umeshaisoma mara mia. Lakini mtunzi ana sikio. Mama mwenye nyumba hatukani kamwe, hapigi, hapazi sauti, kila anapoingia jikoni anauliza neno moja tu, "Umemaliza?", na neno hilo lina maana tofauti kila mara. Kuna siku linamaanisha vyombo. Kuna siku linamaanisha kulia. Katika sehemu ya 44 linamaanisha jambo ambalo msomaji anatakiwa alitambue mwenyewe, na nilipolitambua niliiweka simu chini. Sijakutana na mazungumzo mazuri namna hiyo kwenye riwaya nyingi za karatasi zilizopita mikononi mwangu kwa miaka mitatu, zikiwemo zilizonilipa kodi ya nyumba.

Kasoro zake ni za aina ambayo mhariri mmoja angezimaliza kwa wiki. Mlinzi wa getini anaitwa jina moja sehemu ya 12 na jina jingine sehemu ya 31. Mwanasheria anakufa kwa ajali, kisha wiki tatu baadaye anapokea simu. Wasomaji walipolalamika, mtunzi alijibu usiku uleule kwa kumpa marehemu pacha, na kwa kweli pacha huyo akaja kuwa mhusika mzuri kuliko marehemu. Gazeti halikuwa na nafasi ya mchezo huo. Barua ya msomaji ilichukua wiki mbili kufika. Hapa msomaji anajibu kabla mtunzi hajalala. Wengi wanaliona jambo hili kama ukombozi, fasihi imerudi kwa hadhira kama enzi za hadithi za jioni, fanani na hadhira, paukwa, pakawa. Nami niliamini hivyo mpaka sehemu ya 52.

Katika sehemu ya 52 hakuna kinachotokea. Msichana anaosha vyombo usiku. Anaisikiliza nyumba: friji inavyonguruma na kunyamaza, mbwa wa jirani, mama mwenye nyumba akitembea juu bila viatu. Anajaribu kuhesabu hatua ili ajue yule mama yuko chumba gani. Basi. Maneno mia saba ya msichana na sinki na dari. Ni ukurasa bora wa hadithi nzima, kwa sababu ndipo tunapoelewa kwamba anamwogopa na anamhurumia mtu yuleyule kwa wakati uleule.

Kundi likawaka moto. "Leo umetuibia." "Hii sehemu umelewa?" "Tunasubiri wosia wewe unatuoshea vyombo." Mmoja akaomba arudishiwe hela yake, ingawa wakati huo hadithi ilikuwa bado ya bure. Kesho yake mlango ukagongwa saa nane usiku, akaingia mtu na bastola, na tangu siku hiyo hadi sehemu ya 94 hakuna mhusika aliyepewa nafasi ya kukaa kimya kwa zaidi ya sentensi mbili. Nikaacha kuhesabu milango iliyogongwa.

Uhakiki wangu kwa umbo hili ni huo. Simu haimfanyi mtu kuwa mjinga, wala hadithi si za hovyo. Ila mtunzi mwenye kipaji anakaa uso kwa uso na wasomaji wake kila usiku bila mtu yeyote katikati, na wasomaji hao wanamfundisha, kwa upendo kabisa, asithubutu. Mhariri angemwambia: iache sehemu ya 52, watu watakuja kuielewa wakishafika 94 na kugeuka nyuma. Lakini mhariri hayupo, na kugeuka nyuma ndiko kulikoondolewa.

Nitaeleza kulivyoondolewa, kwa sababu mambo haya yana mitambo yake. Ilipofika sehemu ya 60 mtunzi alitangaza kwamba mwendelezo ni wa kulipia: shilingi 1,500 kwa njia ya simu, kisha unaingizwa kundi jipya. Sina neno baya kwa hilo. Riwaya mpya ya karatasi haishuki shilingi elfu kumi kirahisi, na mtunzi anayemsubiri mchapishaji anaweza kusubiri mpaka mtoto wake amalize shule ya msingi. Huyu alipata hela yake usiku uleule, mkononi, bila kumwomba mtu. Tatizo lilikuwa asubuhi. Kila asubuhi kipande kilichotumwa saa tatu usiku kilionekana kwenye makundi mengine, jina limefutwa, namba ya malipo imewekwa ya mwizi. Msimamizi wa kundi akatafuta dawa akaipata: WhatsApp ina mpangilio unaofuta ujumbe wenyewe baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Akachagua siku 7. Mwizi hakuacha kuiba, maana mwizi ana haraka, ananakili papo hapo. Waliopoteza ni wasomaji waaminifu. Sehemu ya 61 ilipofutika tulikuwa kwenye 68, na hadithi ikawa mtu anayetembea mchangani huku upepo ukifuta nyayo zake siku saba nyuma.

Shangazi yangu ana saluni Temeke na ndiye aliyeniingiza kwenye kundi hilo. Anasoma kwa sauti, wateja wakiwa chini ya mashine ya kukaushia, na mteja akiondoka kabla kipande hakijaisha hurudi wiki ijayo hata kama nywele bado nzuri. Walipofika sehemu ya 71 simu yake iliingia maji. Akanunua nyingine, akarudi kundini na namba ileile, akakuta kundi tupu. Na mwezi mmoja baadaye msimamizi na mtunzi wakagombana juu ya hela na kundi likafungwa kabisa. Shangazi akanipigia. Nilimwamkia, akaitikia haraka haraka kama mtu mwenye msiba, akaniuliza: "Mwanangu, hebu niambie, yule mtoto aliupata ule wosia au hakuupata?"

Nilimsimulia. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa. Lakini wewe unasimulia tu. Mimi nilitaka kusoma." Nikatafuta nakala nimpelekee. Haikuwepo popote.

Hapa inabidi nirudi nyuma sana kidogo. Utendi wa Tambuka ulitungwa Pate mwaka 1728. Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utendi mwaka 1858. Tunao wote wawili, na sababu ya kuwa nao ni kwamba watu waliketi na kalamu na wino wakanakili kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, beti kwa beti, na waliofuata wakanakili nakala. Miswada ya aina hiyo imehifadhiwa leo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na SOAS, London. Kunakili ndiko kulikokuwa kuhifadhi. Aliyenakili alikuwa anauheshimu utendi, na hakuna aliyemwita mwizi. Leo kunakili ni wizi, na ni wizi kweli, kwa sababu kuna mtu anapikia watoto kwa hiyo 1,500. Ila matokeo yake ni kwamba utendi wa karne ya 18 unaweza kuusoma kesho ukitaka, na hadithi iliyosomwa saluni Temeke mwaka juzi huwezi. Kwa upande wa karatasi sheria inamtaka mchapishaji apeleke nakala Bodi ya Huduma za Maktaba. Anayetunga kwa vidole gumba usiku wa manane haonwi na sheria hiyo wala na bodi hiyo, wala, tuseme ukweli, na sisi wahakiki.

Najua kuna atakayesema tatizo ni kioo chenyewe, kwamba ubongo hausomi kiooni kama unavyosoma kwenye karatasi. Ushahidi upo, na ni wa kuvutia kuliko unavyonukuliwa. Mwaka 2018 Pablo Delgado na wenzake walikusanya tafiti 54, zenye jumla ya washiriki zaidi ya 170,000, zilizolinganisha kusoma kwenye karatasi na kwenye kioo. Karatasi ilishinda. Watu wengi hunukuu hapo wakafunga mjadala. Lakini ukisoma zaidi unakuta tofauti ilionekana kwenye maandishi ya maelezo na maarifa, na ikazidi pale msomaji alipowekewa muda. Kwenye hadithi peke yake, haikuonekana. Mwaka uliofuata Anne Mangen wa Norway na wenzake waliwapa watu 50 hadithi ndefu ya Elizabeth George, nusu kwenye kitabu na nusu kwenye Kindle. Uelewa ulikaribiana. Waliosoma Kindle walizidiwa kwenye jambo moja: kupanga matukio, lipi lilitangulia lipi. Watafiti wanahusisha jambo hilo na mikono, kwamba kitabu kinakupa uzito wa ulikotoka kushoto na ulikobakiza kulia. Majaribio hayo yalifanywa mbali na Mbagala, kwa vifaa tofauti na lugha tofauti, kwa hiyo sitayabebesha mzigo usio wao. Lakini yananielekeza upande mwingine kabisa na ule wa kipaza sauti. Hadithi inaweza kuishi kwenye simu. Kisichoweza kuishi vizuri huko ni maelezo, na maelezo ndiyo tuliyoyahamishia huko kwa fujo kubwa kuliko kitu kingine chochote.

Mdogo wangu yuko mwaka wa pili chuo kikuu. Madesa yake yote ni PDF, yako kwenye simu yenye ufa. Enzi za kaka zake desa lilitolewa nakala steshenari, likapigwa mistari, likamwagikiwa chai, likarithishwa kwa wa mwaka wa kwanza likiwa na mistari ya watu wanne. Siku moja nilikaa naye akijiandaa na mtihani. Makala ya kurasa 31 kuhusu ardhi. Akaandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia, akapelekwa moja kwa moja kwenye sentensi, akainakili. Haraka, safi. Nikamwuliza, mwandishi anakubali hilo au analipinga? Akarudi kwenye sentensi, akaisoma tena, akasema, "Kaka, si ameandika hapa?" Alikuwa ameandika, ndiyo, ili alivunje kurasa mbili mbele. Binti huyu si mvivu wala si mzito. Ana akili kunizidi. Amejifunza stadi mpya ya kusoma ambayo inampata kila anachojua kukitafuta. Hoja ya mwandishi inapogeuka kona, huwezi kuitafuta kwa neno. Unaikuta njiani kama ulikuwa unatembea.

Na gharama ya jambo hili haiishii kwenye mitihani. Kila mmoja wetu amebonyeza "nimesoma na nimekubali". Vigezo na masharti kuzingatiwa: hilo huenda ndilo neno la kisheria linalojulikana kuliko yote nchini, tunalitania hata kwenye harusi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni. Walionaswa na mikopo ya aina hiyo, wakapigiwa simu mpaka kwa mama mkwe, wengi wao wanasoma kila siku, na wanasoma haraka. Walipewa kurasa ndefu za maelezo kwenye kioo cha upana wa kiganja, wakiwa na shida ya hela ndani ya dakika tano. Hapo ndipo ningependa kampeni zetu za usomaji ziende, badala ya kumwambia muuza chipsi apende vitabu.

Kuhusu tahajia nitapita haraka. Tulipokuwa shule wakubwa walilia kwamba "xaxa" na "cjui" na "2taonana" zitaua Kiswahili. Ujumbe mfupi ulikuwa na herufi 160 na kila ujumbe ulilipiwa. Tulikuwa tunabana matumizi. Na kuandika "cjui" kunadai ujue kwamba Waingereza huiita herufi hiyo "si", kwa hiyo mwandishi wake alikuwa anacheza na alfabeti mbili kwa wakati mmoja. Ujumbe ulipokuwa rahisi, herufi nyingi zikarudi zenyewe. Sijaona msiba.

Wala sioni msiba kwenye simulizi za sauti, ingawa wenzangu wengi wanazihesabu kama kukata tamaa ya kusoma. Tenzi zilisikilizwa kuliko zilivyosomwa. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu vikundi vikundi kuizunguka redio, na kijitabu mkononi mwa mmoja. Shangazi na mashine zake za kukaushia nywele yumo kwenye ukoo huohuo. Tofauti iko kwenye kijitabu: redio ilipozimwa, kulikuwa na kitu cha kufungua kesho yake.

Basi nikamtafuta mtunzi. Namba yake niliikumbuka kwa sababu nilikuwa nimeilipia. Nilijitambulisha, nikamwambia nataka kuandika uhakiki wa hadithi yake, na hasa wa sehemu ya 52. Alikaa siku mbili bila kujibu. Kisha akaandika: "Kaka samahani, nilidhani ni wale wa copyright." Ana umri wa miaka ishirini na sita, anafanya kazi kwenye duka la vipuri, anatunga kuanzia saa tatu usiku. Nilipomwuliza kama anayo hadithi nzima alicheka kwa maandishi, kisha akaeleza. Aliandika moja kwa moja kwenye kundi. Simu ya kwanza aliiuza. Ya pili ina vipande vichache. Mgogoro na msimamizi haujaisha, ndiyo maana hataki jina la hadithi litajwe mpaka wamalizane. Kuhusu sehemu ya 52 alisema, "Ile waliikataa." Nikamwambia mimi sikuikataa. Akaniuliza kama ninayo. Nilikuwa nayo, hiyo nilikuwa nimeinakili kwa mkono kwenye daftari usiku ilipotoka, kabla mtu yeyote hajawaza kufuta chochote, kwa sababu nilitaka kuona sentensi zake zinakaaje kwenye karatasi. Nikaipiga picha nikamtumia. Akasema hakumbuki kuandika ile ya hatua juu ya dari.

Tangu hapo tunakusanya. Yeye ameandika tangazo kwenye ukurasa wake, kwamba yeyote mwenye vipande amtumie, hata kama ni vya mwizi, hata kama jina limefutwa. Vya mwizi ndivyo vilivyotufaa zaidi, vimekamilika na vina tarehe. Shangazi amewauliza wateja. Mmoja wa Yombo alikuwa amempigia mumewe picha za kioo kuanzia 13 hadi 37, mume alipokuwa safarini. Mpaka ninapoandika haya tunavyo vipande 83. Tunakosa 38 hadi 41, tunakosa 77, na sita vya mwisho mtunzi anasema ataviandika upya kwa sababu sasa anajua pacha alipaswa kuingia mapema. Nimemwomba asiviguse kwanza. Amesema atafikiria. Mwenye sehemu ya 38, ile inayoanzia pale msichana anapopanda ngazi akiwa na sinia, naomba anitafute.